Unataka kuweka komiki zako za zamani ukutani? Nunua kwa mpangilio huu zisipauke

Nianze na kosa langu kabisa. Nilikuwa na komiki moja ya miaka ya 70, jalada lake shujaa kavaa joho jekundu, nikaitia kwenye fremu ya kawaida ya picha nikaitundika ukuta unaotazamana na dirisha, jua halikuwa linaipiga moja kwa moja kwa hiyo nikasema hapa iko salama. Baada ya kama miaka miwili nikaitoa nibadilishe fremu, nikakuta pembeni, pale mdomo wa fremu ulipokuwa unafunika, kuna mstari mwembamba kama njiti ya kiberiti, mwekundu vilevile kama zamani, afu kwingine kote joho limekuwa pinki ya nguo iliyofuliwa mara mia. Na kila siku nilikuwa napita hapo! Rangi inaondoka polepole jicho linazoea, huoni kitu mpaka upate cha kulinganisha.

Bluu ya anga nyuma yake wala haikuguswa sana. Ndo kawaida, komiki za zamani zilichapwa kwa wino wa rangi nne, na kwenye mwanga nyekundu na njano ndo zinatangulia kukimbia, bluu na nyeusi zinabaki, kwa hiyo ukiona jalada la zamani limekuwa kama la kibluubluu ujue lilikaa kwenye mwanga. Karatasi za ndani nazo ni zile za gazeti, za bei rahisi, zina lignini ya mti ndani yake, zikipata mwanga na hewa zinageuka njano mpaka kahawia na zinakatika ukikunja.

Sasa kabla hujatoa hela shika hili moja, maana wauzaji hawalisemi. Kuzuia UV, yani ile miale ya jua isiyoonekana kwa macho, sio kuzuia madhara. UV ndo kali zaidi kweli, lakini hata ule mwanga tunaouona kwa macho unapausha wino, na unajumlika: laksi (kipimo cha ukali wa mwanga) 500 kwa saa moja ni sawa na laksi 50 kwa saa kumi, na kilichopauka hakirudi. Makumbusho mengi vitu vya karatasi wanaviweka kwenye laksi 50 hivi, hapo ni giza la kutosha mgeni kuuliza kwani taa zimeharibika, wakati jua la mchana nje linafika mpaka laksi 100,000. Kwa hiyo mi napanga hivi kwa kuangalia giza na kama utaweza kuishi nacho nyumbani, kioo kinafuata.

Namba moja: fremu yenye akriliki (plastiki ngumu inayoonyesha kama kioo) ya kuzuia UV inayofunguka mbele, yani ile unaifungua kama kimlango bila kuishusha ukutani. Kwa nini inayofunguka? Kwa sababu utakuwa unabadilisha komiki, miezi mitatu hii, mitatu ile, afu iliyotoka inarudi boksini kupumzika gizani, na kama kubadilisha ni kazi ya bisibisi na misumari hutobadilisha, nakuambia. Tafuta iliyoandikwa asilimia kabisa, 97 mpaka 99, ikiandikwa tu "inakinga jua" bila namba achana nayo. Akriliki ni nyepesi na haipasuki ikadondokea komiki, ubaya wake inakwaruzika haraka na inavuta vumbi, na usiifute na dawa ya vioo yenye amonia inaiharibu, kitambaa laini na maji kidogo yanatosha. Hakikisha pia ina nafasi ndani, jalada lisigusane na akriliki, unyevu ukiingia hapo katikati linanata na ukilivuta wino unabaki kwenye plastiki.

Namba mbili, wengine watacheka, ni nakala. Skani jalada lako vizuri, chapisha, nakala itundike popote hata mbele ya dirisha, ya kweli ilale boksini. Kwa komiki ya thamani kubwa mi naona hii ndo akili kuliko hata namba moja, nimeishusha tu kwa sababu najua mnataka kuona kile chenyewe, na mimi nataka pia.

Namba tatu ni kabati au meza ya droo yenye kioo juu, unaweka kitambaa kizito unafunua mgeni akija. Inakula nafasi na wenye watoto wadogo mnajua kitambaa hakitakaa. Ila kwa giza, ukiacha boksi, hakuna inayoizidi hii.

Namba nne, zile kesi ngumu za plastiki zinazotoka kwenye kampuni za kupima daraja la ubora wa komiki kama CGC, iliyoanza mwaka 2000. Hapa watu wanaumia sana. Kesi ile imetengenezwa komiki isikunjwe, isishikwe, isibadilishwe, basi. Mwanga unapita, na kilichoandikwa daraja la juu kwenye lebo kinapauka ndani ya kesi hiyohiyo. Ukiwa nazo nunua fremu ya akriliki ya UV iliyokatwa kwa saizi ya kesi, hapo zinapanda mpaka namba moja.

Namba tano, fremu ya kioo cha kawaida. Kioo kinapunguza UV kiasi lakini ile ya mawimbi marefu inapenya, ndo hadithi ya joho langu. Kwenye korido isiyo na dirisha kwa wiki chache sawa, zaidi ya hapo hapana.

Ya mwisho, kapu la takataka kabisa: kuibana na klipu au kuisimamisha kwenye kishelfu ikiwa na mfuko wake tu. Mfuko unazuia vumbi na mafuta ya vidole, mwanga hauzuii.

Na mifuko yenyewe msinunue yoyote tu. Polyesta, ile watu wanaita Mylar, ndo ya kukaa nayo miaka, ni ngumu kidogo na inang'aa haswa. Polipropilini ni rahisi ila ya kubadilisha kila baada ya miaka michache, ikianza kuwa na mawimbi au kugeuka njano itoe. PVC, aina nyingine ya plastiki, kaa nayo mbali, inatoa kemikali. Nyuma weka ubao wa kadibodi usio na asidi. Angalia na saizi, komiki za miaka ya 40 ni pana kuliko za sasa, ukilazimisha kwenye mfuko wa sasa unakunja kona na umeharibu kwa mkono wako.

Taa: weka LED, UV yake ni kidogo sana, taa za tyubu zile nyeupe zina UV zaidi. Zizime ukitoka chumbani. Filamu ya kubandika dirishani nayo nzuri, inakata UV ya chumba kizima, ila bado pazia livutwe. Usitundike ukuta wa nje wala wa bafu, unyevu unashika pini za stepla zinaota kutu afu kutu inaingia kwenye karatasi, kutu hiyo haitoki.

Na kabla hujanunua hata fremu moja jaribu ukuta wenyewe. Chukua gazeti au kipeperushi chochote chenye nyekundu kali, nusu ifunike na karatasi nene nyeusi, kibandike pale unapotaka kutundika, andika tarehe nyuma na penseli usije ukasahau. Mi nilifanya kuta mbili baada ya lile joho. Sebuleni, upande wa mbali na dirisha ambao ningeapa ni kivuli, miezi mitatu mstari ukaonekana wazi. Korido hakuna kitu. Basi komiki ziko korido, ukitaka kuziona unawasha taa.