Idara ya muziki ya shule moja ya wavulana Moshi: maoni ya babu mpiga tarumbeta

Nyota nne kati ya tano. Mwalimu wa muziki anastahili zote tano. Iliyopungua naikata kwenye vyombo na ufunguo wa stoo. Shule siitaji kwa jina kwa kuwa nina malalamiko nayo, ila wenye vijana pale wataitambua.

Mjukuu wangu aliingia kidato cha kwanza Januari, bweni. Mimi nimepiga tarumbeta kwenye bendi ya usharika tangu ujana wangu, hadi meno yaliponihamishia kwenye baritoni, chombo cha shaba kikubwa zaidi, kwa hiyo idara hii nimeifuatilia mwaka mzima kama mtu wa kazi hiyo.

Muhula wa kwanza hakuna mtoto wa kidato cha kwanza aliyeshikishwa tarumbeta. Walinung'unika sana. Mwalimu aliwaweka kwenye sol-fa tu, yaani kusoma muziki kwa do, re, mi, zinazoandikwa d r m f s l t, kwa ishara za mkono, kila sauti na ishara yake, mpaka kijana aweze kuruka kutoka do hadi la bila kupanda ngazi zote za katikati. Likizo ya Pasaka nilimpa mjukuu wangu karatasi ya kwaya yetu, wimbo ambao hajawahi kuusikia. Akaimba sauti ya pili kutoka juu hadi chini, akakosea mahali pawili tu. Sisi tulifundishwa kwa kumsikiliza mzee aliyesimama pembeni yako. Mzee akifariki, anaondoka na sauti yake, na kuna nyimbo za usharika wetu ambazo mpaka leo hazina besi kwa sababu hiyo.

Lakini kilichonifanya nikae niandike ni jinsi wanavyowashughulikia vijana wanaovunja sauti. Shule ya wavulana haina wasichana wa kubeba sauti ya kwanza, kwa hiyo mzigo huo ni wa kidato cha kwanza na wachache wa cha pili. Januari soprano, yaani hiyo sauti ya kwanza, imejaa. Kufikia Septemba imeshuka kama mahindi ghalani. Koo la kijana linakua, nyuzi za sauti zinarefuka, na sauti inaporomoka karibu oktava nzima, yaani kutoka do moja hadi do ya chini yake, na wakati inaporomoka haimtii mwenyewe. Kwaya nyingi nilizozijua zinamwambia kijana wa hivyo apumzike kwanza. Wengi hawarudi tena. Nina ndugu yangu aliyepumzishwa namna hiyo akiwa na miaka kumi na minne, na hajaimba popote tangu hapo, hata kanisani anafungua kitabu na kufumba mdomo.

Mwalimu huyu ana daftari. Kila mwanzo wa muhula anamsikiliza kijana mmoja mmoja, anaandika sauti yake ya chini kabisa na ya juu kabisa, na anampanga kwa hiyo. Walio katikati ya kuvunjika anawaandikia mstari wao wenyewe, sauti tano au sita tu, zile wanazozimudu wiki hiyo. Siku ya wazazi nilimuuliza kama hilo halimchoshi. Akanijibu, "Mzee, hapa hakuna anayekaa benchi kwa sababu ya koo lake." Na kumcheka mwenzako sauti ikimkwaruza ni kosa linalofika kwa mwalimu wa nidhamu. Mjukuu wangu alianza mwaka sauti ya pili, Agosti alikuwa kwenye ule mstari wa katikati, na kwenye mahafali ya kidato cha nne alisimama na besi. Nilimsikia. Besi nyembamba bado, lakini imekaa mahali pake.

Sasa vyombo. Tarumbeta ni chache na zimechoka. Pistoni, yaani vile vitufe vya kubonyeza, zinanata, na vijana wamekuwa wakizipaka mafuta ya kupikia, ambayo yakikaa yanageuka gundi. Mafuta ya pistoni ni kichupa kidogo tu, na tone moja moja linatosha. Asubuhi za Julai, baridi ya mlima ikishika shaba, sauti zote hushuka, na bila kupasha chombo kwa pumzi kwanza bendi inapiga Wimbo wa Taifa kwa sauti iliyo chini kuliko ya kinanda. Hilo mwalimu analijua na analifanya. Kinachomshinda ni fedha.

Na kinachoniuma zaidi ni muhula wa pili kuelekea mwisho. Ikikaribia mitihani ya kidato cha nne, ufunguo wa stoo ya vyombo unachukuliwa na mtaaluma, na vijana wote wanafungiwa, hata wa kidato cha kwanza wasio na mtihani wa taifa. Midomo ya mpiga tarumbeta ikikaa wiki chache bila kazi inalegea, unaanza upya. Naiomba bodi ya shule iliangalie hili.

Huku kwetu si jambo dogo. Wamisionari wa Leipzig walifika Kilimanjaro mwaka 1893, na upigaji wa shaba wa Kilutheri umebaki mlimani mpaka leo. Harusi zetu zinashuka barabarani na matarumbeta juu ya pikapu. Baraza la Mitihani lina mtihani wa Muziki kidato cha nne, na hapo Usa River, Chuo Kikuu cha Makumira wanatoa shahada ya muziki. Njia ipo. Shule hii bado haisajili watahiniwa wa somo hilo, ingawa mwalimu wa kuwaandaa wanaye.

Mchango wa muziki haulipwi peke yake, umo ndani ya ada. Mzazi unayekwenda kuangalia, omba stoo ifunguliwe, bonyeza pistoni zote tatu za kila tarumbeta uone kama zinarudi zenyewe, kisha omba kuliona lile daftari.