Nimenyoa ndevu kwa ajili ya barakoa hii

Ndevu zangu nilizifuga miaka kumi na moja. Ziliondoka asubuhi moja kwa sababu ya kipande cha mpira wa silikoni, na mke wangu mpaka leo ananitazama kama mgeni. Kwa hiyo nikisema barakoa hii ni nzuri, mjue nimeilipia kwa namna mbili.

Ni barakoa ya nusu uso: mpira laini unaofunika pua na mdomo, vichujio viwili vya vumbi vya daraja la P3, kimoja kila shavu, mikanda nyuma ya kichwa, na valvu ya kutolea pumzi karibu na kidevu. Mwaka mzima sasa naivaa kwenye karakana yangu ya nyumbani, chumba cha dirisha moja chenye msumeno wa meza, mashine ya msasa na drili ya kusimama.

Zamani nilikuwa navaa zile nyepesi za hospitali. Nikimaliza kazi napenga, na leso inatoka na rangi ya mti niliokuwa naupiga msasa. Nikipiga mvule, kamasi za kahawia na macho yanawasha. Kikohozi cha usiku nilikisingizia baridi. Maranda ya randa hayana neno, yanaanguka chini unayafagia. Mbaya ni lile vumbi la msasa, laini kama poda, ambalo hulioni mpaka jua lipenye dirishani. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliorodhesha vumbi la mbao miongoni mwa vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu tangu 1995, ya pua ikiwemo. Nami nilikuwa nalipenga kila jioni na kuliita ufundi.

Siku ya kwanza niliivaa juu ya ndevu. Kuna jaribio dogo: unaziba vichujio kwa viganja, unavuta pumzi, na barakoa inatakiwa inywee na kung'ang'ania uso. Yangu haikutikisika. Upepo ulikuwa unapita taya zote mbili, nausikia kabisa ukipiga mluzi kwenye nywele. Kichujio cha P3 kinazuia asilimia 99.95 ya chembe, sawa, lakini ni za hewa inayopita kwenye kichujio. Iliyopita kwenye ndevu haikuchujwa na mtu. Nikaenda kutafuta wembe.

Baada ya kunyoa nilirudia. Mpira ulinywea, ukakaa hivyohivyo mpaka nilipoachia viganja. Nikapiga msasa MDF, ule ubao wa nyuzi za mbao zilizogandishwa kwa gundi, saa nzima, nikatoka nje, nikapenga. Leso nyeupe. Nikapenga tena kwa kutoamini.

Sasa lawama. Mikanda imeachwa mirefu mno, ncha zinaning'inia kifuani. Siku moja nilikuwa nimeishusha shingoni ili nipumue, nikainamia drili, nikaona ncha moja inacheza karibu kabisa na biti inayozunguka. Nilizima mashine, nikakaa kwanza. Zile ncha nilizikata siku hiyohiyo, na kushusha shingoni nimeacha. Pia miwani ya kinga haikai vizuri, mpira wa puani unaisukuma juu, ikabidi nitafute nyingine yenye daraja pana la puani.

Lililonikera kuliko yote ni dogo. Pumzi inageuka maji ndani, maji yanashukia kwenye valvu, na ukiinama tone linadondokea ubao uliokwisha kulainishwa. Pale penye tone nyuzi za mbao zinasimama, unapapasa unakuta pamekwaruza, unarudi kupiga msasa upya. Sasa nainama na kitambaa mkononi kama mhudumu wa mezani.

Makosa mengine yalikuwa yangu. Nilikuwa naivua barakoa mashine ikizima tu, wakati vumbi laini bado linaelea. Sasa inatoka nikishavuka mlango, na hata kufagia nafagia nimeivaa. Nilikuwa naitundika kwenye msumari mlemle karakanani, mpaka siku nilipopitisha kidole ndani nikakuta utando wa vumbi, maana yake nalivaa vumbi puani kwa mikono yangu. Siku hizi inalala kwenye kopo lenye kifuniko. Na kuna siku nilipaka vanishi nikiamini niko salama, harufu ikaniingia yote. P3 ni ya chembe, haishiki mvuke. Mvuke wa vanishi unataka kichujio cha kaboni, kile chenye mstari wa kahawia.

Vichujio nabadilisha pumzi inapoanza kuwa nzito. Mashine yangu ya kufyonza vumbi bado inafanya kazi palepale kwenye msumeno. Barakoa haikuiondoa kazini.

Nyota nne. Ya tano nimeinyima kwa lile tone.