Kadi ya faiba ya mtumba ndani ya nyumba ya mawe Amu (Lamu): uzoefu wangu wa mwaka mmoja

Kadi ninayoieleza hapa ilitoka Luthuli Avenue, Nairobi, ikiwa imeviringishwa gazetini na kutiwa ndani ya boksi la viatu. Ilipanda basi hadi Mombasa, ikashika njia ya Malindi, Garsen na Witu, ikavuka kwa boti kutoka Mokowe, na siku ya tatu nikaipokea gatini. Naitaja safari hiyo makusudi. Kwetu visiwani, ukinunua kifaa kisichooana na ulicho nacho, huwezi kurudi dukani jioni kukibadilisha. Ni wiki nzima, ni nauli mara mbili, na ni mwenye nyumba anayekutazama akingoja.

Ni kadi ya mtandao ya PCIe, yaani ya kupachikwa kwenye sloti ya ubao mkuu, yenye matundu mawili ya SFP+, yale yanayopokea moduli ndogo ya faiba (uzi wa kioo unaobeba data kwa mwanga) au kebo fupi ya shaba, na chipu yake ni Intel 82599ES, ile ya ukoo wa X520. Chipu hiyo ilitoka 2009, kwa hiyo si ya jana. Kila tundu linapitisha gigabiti 10 kwa sekunde, au gigabiti 1 ukitia moduli ya gigabiti 1. Katikati hapana kitu: 2.5 haipo, 5 haipo. Nyingi zilizoko sokoni ziling'olewa kwenye seva zilizostaafu. Yangu nililipa shilingi 6,500, nikaipachika ndani ya kompyuta ya zamani ya ofisini inayoendesha OPNsense, mfumo wa ruta na ngome ya moto. Kompyuta hiyo ndiyo ruta yetu.

Aliyenisukuma ni ami yangu. Ana nyumba ya wageni Mkomani, na nyumba ya pili Langoni ambamo kaka yangu hupiga picha hati za kale, zile tenzi na barua za Kiswahili zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu. Kati ya nyumba mbili hizo, kwa njia ambayo kebo inaweza kupita, ni mita 280. Kebo ya shaba ya mtandao mwisho wake ni mita 100, kwa hiyo tulikuwa tumetegesha swichi mbili njiani, kila moja ndani ya kisanduku juu ya dari ya jirani. Chumvi ilikula pini. Masika, radi ikala swichi. Kuta zenyewe ni za matumbawe na chokaa, unene wake karibu nusu mita, hivyo Wi-Fi ikitoka chumba kimoja hadi cha pili imeshachoka.

"Shikamoo ami."

"Marahaba. Mwanangu, hii intaneti yenu mbona yenda ikikohoa?"

"Chumvi imeila shaba, ami."

"Basi tafuta kitu kisicholiwa na chumvi."

Kioo hakiliwi na chumvi, wala hakivuti radi kutoka nyumba hii kuipeleka nyumba ile. Tukavuta faiba ya modi moja (ile ya kiini chembamba, ya umbali mrefu), ganda la manjano, tukaipitisha chini ya wikio mbili (vile vyumba vya juu vinavyovuka njia na kuunganisha nyumba) bila kutoboa ukuta wowote wa zamani. Mji huu uko katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2001, na mimi hata bila orodha hiyo nisingekubali kupeleka keekee kwenye plasta ya chokaa ya wazee.

Je, gigabiti 10 zinahitajika? Kwa wageni wa ami, hapana. Kwa kaka, ngoja nipige hesabu. Picha moja ya ukurasa ni kama megabaiti 150. Hati ya kurasa 500 ni gigabaiti 75. Kwenye ile njia yetu ya zamani ya megabiti 100, kuihamisha kutoka Langoni hadi kompyuta ya akiba iliyoko Mkomani ilichukua si chini ya saa moja na dakika 40, na mara nyingi ilikatika kabla ya kufika. Kwa gigabiti 1 ni dakika kumi. Kwa gigabiti 10 ingekuwa dakika moja, lakini hapo diski ndiyo inayosema. Diski ya kuzunguka huandika megabaiti 150 hivi kwa sekunde na kukurudisha kwenye dakika nane. SSD ya SATA hufika kama megabaiti 500, na kweli sisi tunamaliza hati nzima kwa dakika tatu. Hizo dakika tatu ndizo nilizozilipia. Kama kwenu hakuna mtu anayehamisha mizigo ya aina hiyo, tafuta kadi ya gigabiti 1 na pesa zinazobaki nunua UPS nzuri.

Sasa kuoana, na hapa ndipo nilipopoteza wiki zangu mbili.

Kompyuta ilipowaka mara ya kwanza, OPNsense iliona tundu moja tu la kadi, la pili halipo. Nikadhani nimeuziwa kadi mbovu. Nikachomoa moduli, nikawasha tena: matundu yote mawili yakaonekana, ix0 na ix1. Nikarudisha moduli, nikawasha: moja likatoweka. Kwenye kumbukumbu za kuwaka palikuwa na mstari unaosema moduli iliyopachikwa haitambuliki. Kila moduli ya SFP+ ina kumbukumbu ndogo ndani inayotaja mtengenezaji na aina yake, na draiva ya chipu hii huisoma kabla ya kukubali kufanya kazi. Moduli za mwanga zisizo na jina inalolijua huzikataa. Jambo hili limeandikwa wazi katika maelezo ya draiva, na laiti ningeyasoma kabla ya kulipa, ningeagiza moduli zilizoandikiwa Intel tangu mwanzo. Maelezo hayohayo yanasema kebo fupi za shaba za kuunganisha moja kwa moja zinakubaliwa maadamu zinafuata kiwango cha SFF-8431. Ndiyo maana ile kebo ya mita 3 inayokwenda kwenye kompyuta ya akiba ilishika mara moja.

Dawa ipo. Kwenye OPNsense, katika orodha ya vigezo vya mfumo, unaongeza hw.ix.unsupported_sfp na kukipa thamani ya 1, kisha unawasha upya. Kwenye Linux draiva inaitwa ixgbe na kigezo chake ni allow_unsupported_sfp. Tangu nilipokiweka, moduli zangu zinafanya kazi. Hata hivyo ushauri wangu unabaki uleule: mwambie muuzaji akupe moduli iliyoandikiwa kadi yako. Kigezo hicho siku moja utakisahau ukiweka mfumo upya, na nyumba nzima italala bila mtandao.

Matundu yakaonekana, lakini taa ya upande wa Langoni haikuwaka. Nilisafisha, nikageuza nyuzi mbili kwa zamu, nikabadilisha kebo fupi. Kumbe muuzaji alinipa jozi isiyo jozi. Moduli moja ilikuwa LR, ya nanomita 1310 kwa faiba ya modi moja, inayofika kilomita 10. Ya pili ilikuwa SR, ya nanomita 850, iliyotengenezwa kwa faiba ya modi nyingi, mita 300 kwenye faiba ya daraja la OM3. Kwa umbo ni pacha, zinaingia tundu lilelile bila kukwaruza. Nilizitofautisha kwa rangi ya kishikio: LR ina kishikio cha buluu, SR ni cheusi au rangi ya mchanga. Fungua boksi mbele ya muuzaji, au kama uko mbali kama mimi, mwombe apige picha ya lebo zote mbili kabla hajafunga. Na usidanganywe na anayekwambia uchukue ya kilomita 40 "iwe na nguvu zaidi". Hiyo hutumia nanomita 1550 na mwanga mkali. Kwa mita 280 utaipofusha ile inayopokea.

Jambo jingine la kasi. Moduli ya kawaida ya gigabiti 10 haishuki yenyewe hadi gigabiti 1 kwa sababu upande wa pili ni dhaifu, kama inavyofanya shaba. Swichi ya Langoni ikiwa na tundu la SFP la gigabiti 1, weka moduli ya gigabiti 1 pande zote mbili. Sisi tulitafuta swichi yenye matundu mawili ya SFP+, moja la faiba na moja la kompyuta ya kaka.

Upande wa ubao mkuu wa kompyuta haukunisumbua sana. Kadi hii inataka PCIe 2.0 yenye njia nane. Kila njia hubeba takriban gigabiti 4 zinazotumika, kwa hiyo nane ni 32, na zinatosha matundu yote mawili. Sloti ya kwanza niliyoitumia ilikuwa ndefu kwa macho lakini ndani yake mna njia nne tu, na draiva ilinionya ilipowaka. Nne ni gigabiti 16. Niliihamishia kwenye sloti ya kadi ya picha nikitegemea kasi ipande. Haikupanda. Nilipopima kwa iperf3, programu ya kupima kasi, kutoka Langoni hadi kompyuta ya akiba nilipata gigabiti 5 na kidogo kabla na baada, maana kikwazo kilikuwa prosesa ya kompyuta yenyewe inayokagua kila pakiti kwa ngome ya moto. Kwa SSD ya kaka zinatosha, lakini mtu asiahidiwe 10 kwa kompyuta ya zamani. Angalia pia kile kibati cha nyuma: kadi za seva mara nyingi huja na kifupi, na kompyuta ndefu inataka kirefu. Kukosa kibati kulinigharimu safari nyingine kwa fundi wa kuchomea.

Lile lililonitia hofu zaidi ni joto. Bamba la kupoza chipu halina feni, kwa sababu kadi ilizoea kukaa ndani ya seva inayopuliziwa upepo mchana na usiku. Mimi niliiweka kompyuta ndani ya kidaka cha ukutani, mahali pazuri pa kuwekea kaure lakini si mashine. Kaskazi ilipofika na hewa ikatulia kuanzia saa sita mchana, njia ilianza kukatika. Amri ya ifconfig -v ix0 hukupa halijoto ya moduli na nguvu ya mwanga unaopokelewa. Nilikuta digrii 68, na moduli za kawaida mwisho wake ni 70. Nikaitoa kidakani, nikafunga feni ndogo ikielekea kwenye bamba, ikashuka hadi 49. Tangu hapo haijakatika kwa sababu ya joto hata mara moja.

Amri hiyohiyo ndiyo ninayoitumia kujua kama ncha zimechafuka. LR inahitaji mwanga usiopungua hasi 14.4 dBm (kipimo cha nguvu ya mwanga; namba ikizama zaidi chini ya sifuri, mwanga umefifia), na kwa umbali wetu mfupi nategemea kuona kama hasi 4. Mwezi wa saba, katikati ya kusi, niliona hasi 9.8. Njia ilikuwa bado inafanya kazi, lakini ilikuwa inaugua. Ncha ya Langoni ilikuwa na ukungu wa chumvi na vumbi la chokaa. Nikaisafisha kwa kalamu ya kusafishia faiba, ikarudi hasi 4.1. Sasa kila tundu lisilotumika lina kifuniko chake, na nazisafisha ncha kila msimu upepo unapogeuka. Usiwahi kuchungulia ncha kwa jicho kuona kama ina mwanga. Mwanga wa 1310 hauonekani na unaweza kuumiza.

Ndugu mmoja wa Malindi alinipigia akitaka kadi kama hii ili achomeke faiba ya mtoa huduma moja kwa moja kwenye kompyuta yake na aliondoe lile boksi la ukutani. Nilimwambia asinunue. Faiba ya majumbani kwa kawaida ni GPON: uzi mmoja tu, ncha ya kijani ya SC/APC iliyokatwa mshazari wa digrii 8, data ikishuka kwa nanomita 1490 na kupanda kwa 1310, na boksi lenyewe limeandikishwa kwa namba yake kwa mtoa huduma. Kadi hii inazungumza Etheneti ya kawaida kwa nyuzi mbili na ncha za LC za buluu. Ni lugha mbili zisizoelewana, hata kama zote ni mwanga ndani ya kioo. Boksi libaki ukutani, kebo ya shaba itoke hapo iingie kwenye ruta, na hivyo ndivyo ilivyo hata kwa ami.

Kwa kadi yenyewe sina neno baya. Mwaka mzima, stima ikikatika na kurudi, haijanigomea kwa kosa lake. Ningeinunua tena kwa bei ileile, ila safari hii kadi na moduli zitoke kwa mtu mmoja aliyeambiwa waziwazi ni chipu gani, faiba gani na umbali gani.

Kaka amemaliza hati yake ya sita wiki iliyopita. Mimi nimeagiza moduli moja ya LR ya akiba, picha ya lebo nimetumiwa jana, na mzigo uko njiani, unatarajiwa Mokowe keshokutwa.