Kufa na Kupona: Willy Gamba hakuniacha nilale hadi Bukoba

Mama niliyekaa naye benchi moja alinigusa bega tukiwa tumeshaviacha nyuma visiwa vya karibu na Mwanza. "Dada, hicho kitabu kina nini? Chai yako imepoa tangu tuko bandarini." Kweli ilikuwa imepoa, na juu imefunga utando. Nilikuwa ndani ya MV Victoria, safari yangu ya kawaida ya kufuata madeni ya dagaa Bukoba, na mkononi nilikuwa na Kufa na Kupona ya A. E. Musiba, nakala kuukuu ambayo mtu fulani zamani aliishona mgongo kwa uzi mweusi. Nilimwonyesha jalada, nikainamia tena ukurasa. Naomba anisamehe. Nilikuwa mahali ambapo kitabu hakifungiki.

Kwa ambao hamjakutana nayo, hii ndiyo riwaya iliyomtambulisha mpelelezi Willy Gamba. Ilitoka mwaka 1974, kisha zikafuata Kikosi cha Kisasi, Njama, Kikomo na nyingine. Mimi nilianzia Njama nikiwa sekondari, na niliipenda, ila kama hujaanza, anza na hii.

Kisa ni chepesi kueleza. Nyaraka za siri zinazohusu wapigania uhuru zimeibwa Dar es Salaam. Chifu, mkuu wake wa kazi, anamwita Willy, na nyayo za wezi zinaelekea Nairobi. Sisemi zaidi ya hapo, maana Willy anasimulia kwa kinywa chake mwenyewe na utamu wote uko katika kujua kile tu anachokijua yeye. Akidanganywa, na wewe umedanganywa.

Kilichonishika zaidi ni hizo karatasi zenyewe zilizoibwa. Nilijiuliza kwa nini riwaya ya miaka 50 iliyopita inanikimbiza kuliko filamu nyingi ninazotazama kwenye simu, nikaona ni kwa sababu siku zile siri ilikuwa na uzito wa kushikika. Leo mtu anapiga picha, anatuma, imeisha; hata ukimkamata dakika ileile umechelewa. Mwaka 1974 karatasi lazima isafiri. Lazima ibebwe na mtu, ivuke mpaka, ilale hotelini, ikabidhiwe mkononi. Kwa hiyo kila saa inayopita Willy bado ana nafasi, na kila saa hiyohiyo nafasi inapungua. Kasi ya kitabu inatoka humo, zaidi ya risasi na magari.

Halafu njama yenyewe si ya kubuni tu hewani. Niliporudi Mwanza nilipitia Nyakato kumsalimia mjomba, ambaye enzi zile alikuwa kijana anayefanya kazi Dar es Salaam. Nilipomwamkia tu na kumwonyesha kitabu, alikishika kama mtu anayeshika picha ya rafiki yake. Akaniambia, "Mwanangu, hiki sisi tulikisoma huku tunaangalia mlango." Akanikumbusha Eduardo Mondlane, kiongozi wa FRELIMO, chama kilichopigania uhuru wa Msumbiji dhidi ya Wareno, aliyeuawa Dar es Salaam tarehe 3 Februari 1969. Bomu lilifichwa ndani ya kitabu kilichotumwa kama kifurushi. Ndani ya kitabu! Kamati ya Ukombozi ya OAU, yaani Umoja wa Nchi Huru za Afrika, ilikuwa na makao yake makuu Dar tangu 1963, na vyama vya ukombozi vya kusini vilikuwa na ofisi palepale mjini, kwa hiyo msomaji wa 1974 hakuhitaji kuelezwa kwamba karatasi ikifika kwa makaburu au kwa Wareno kuna watu watakufa. Mwaka mmoja tu baada ya riwaya kutoka, Herbert Chitepo wa ZANU, chama cha wapigania uhuru wa Zimbabwe, naye aliuawa kwa bomu la gari Lusaka. Msumbiji ilipata uhuru Juni ya mwaka huohuo, 1975. Ninapoisoma sasa najua nani alishinda, na bado tumbo linanikaza.

Yapo yasiyonifurahisha, na nayasema kwa sababu kitabu nakipenda. Wanawake karibu wote tunawaona kwa macho ya Willy tu: wazuri, wanavutia, na mara nyingi tunaambiwa umbo kabla ya akili. Mimi mwanamke ninayeendesha biashara yangu Mwaloni Kirumba, soko la samaki la hapa Mwanza, nilitamani mmoja wao apewe kurasa zake mwenyewe. Pia Willy ana bahati mno kwenye mapigano. Kuna mara mbili nilirudi nyuma kusoma upya alivyotokaje. Kiswahili, hapo sina neno. Sentensi fupi, mazungumzo ya watu wanaojuana, hakuna maneno ya kujionyesha.

Sasa jambo lililoniuma. Alfajiri, meli inakaribia bandari ya Kemondo, nimefika karibu na mwisho kabisa, nafungua ukurasa na kukuta habari haiungani. Nikatazama namba chini: kurasa 16 hazipo. Zimechomoka zote kwa pamoja, na yule aliyeshona mgongo alishona kilichobaki. Muuzaji wa vitabu vya mitumba aliyeniuzia kwa shilingi 6,000 aliniapia kwamba kimekamilika. Nilishuka Bukoba na hasira ya kweli. Kwa hiyo ukinunua nakala ya zamani, simama palepale uhesabu namba za kurasa, hasa robo ya mwisho, hata kama muuzaji anakuharakisha.

Kurasa zilizobaki nilizipata kwa jirani yangu wa kibanda pale Mwaloni. Kumbe baba yake aliacha nakala nzima kwenye sanduku. Aliniazima kwa sharti kwamba isitoke sokoni, kwa hiyo nilimalizia nimekaa juu ya gunia la dagaa, saa saba mchana, wateja wakinipita. Mmoja aliuliza bei mara tatu. Nilimjibu nilipofika nukta ya mwisho.

Sasa natafuta Kikosi cha Kisasi, nakala iliyotimia. Aliye nayo hapa Mwanza na yuko tayari kuazimisha au kuuza, nitaihesabu kurasa mbele yake kisha nimlipe.