Kikaango cha Teflon au cha seramiki, uchukue kipi?

Kwa bei vyote vya kawaida havipishani sana, kwa hiyo usihangaike hapo, angalia kinadumu vipi. Seramiki kikiwa kipya ni raha, yai linateleza lenyewe, ila ukikizoesha moto mkali na mafuta yakaungulia, baada ya miezi kadhaa unaanza kuona yai linang'ang'ania katikati, pembeni bado safi, na hapo ndo basi tena. Teflon huwa inakaa muda mrefu zaidi bila kushika. Shida yake ni moto, ikipita kama nyuzi 260 ule utando wa ndani unaozuia chakula kushika unaanza kuharibika na kutoa moshi mbaya, kwa hiyo usikiache jikoni kitupu ukaenda kuongea na simu, tafadhali sana. Seramiki inavumilia joto zaidi bila kutoa moshi huo, ila ndo hivyo, moto mkali unakifanya kianze kushika mapema.

Kuosha ni kulekule, sponji laini, mwiko wa mbao, stiliwaya weka mbali kabisa.

Mimi wa mayai na chapati za maji kila asubuhi kwa moto mdogo ningechukua Teflon yenye kitako kinene, ila kama kwenu moto huwa juu muda wote, seramiki, ukijua utakibadilisha mapema.