Kiti cha Eames: kagua chini ya mkono kabla ya kulipa

Wabunifu Charles na Ray Eames walikitoa kiti hiki cha kupumzikia, cha mbao na ngozi, mwaka 1956 kupitia kampuni ya samani ya Herman Miller, na mpaka leo kinatengenezwa. Kinastahili sifa zake. Mgongo hauna skrubu hata moja inayoonekana: mbao zilizopindwa kwa joto zinashikwa na vipande vya raba vilivyogundishwa kwa ndani, ndiyo maana ukiegemea kinacheza kidogo na mgongo wako unapumzika.

Raba hizohizo ndizo udhaifu wake. Zikizeeka zinakauka, gundi inaachia, na mgongo unang'oka ghafla pamoja na tabaka la mbao. Kwa hiyo ukikuta cha mitumba hapa Lubumbashi, geuza kiti, bonyeza raba chini ya kila mkono wa kiti kwa kidole. Ikiwa ngumu au ina nyufa, usikikalie. Badilisha zote pamoja. Fundi akitaka kupitisha bolti kwenye mbao, mkatalie: tundu hilo halizibiki, na bei inaanguka.

Kutambua nakala ni rahisi. Kiti halisi kina miguu mitano, na stuli yake ya kuwekea miguu ina minne. Kinazunguka, lakini mgongo haulali kwa kuvuta wenzo. Mito ya mgongo na ya kichwa inabadilishana, hivyo ibadilishe nafasi ili ichakae sawasawa.

Kiangazi chetu hapa ni kikavu sana. Kiweke mbali na dirisha lenye jua, la sivyo ngozi itapasuka kwenye mishono kwanza.