Baldur's Gate 3, sehemu ya tatu: mji umenichosha, Karlach kaniliza

Haya jamani, karibuni tena. Leo ni sehemu ya tatu ya Baldur's Gate 3, na sifichi kitu. Kama hujafika mjini, zima video uende ucheze kwanza. Sitaki mtu aje kulalamika huko chini kwamba nimemharibia uhondo.

Larian, wale Wabelgiji wa Ghent, waliitoa gemu hii Agosti 2023, na Desemba ile ile ikabeba tuzo ya gemu bora ya mwaka. Lakini sikilizeni vizuri watu wanavyoisifia: mara nyingi wanasifia sehemu mbili za kwanza. Wana haki. Ile ya pili, kwenye ile nchi yenye laana ya kiza, imenyooka kabisa. Kuna Ketheric Thorm, kuna mnara wake, unamfuata, unammaliza. Ukitoka hapo unaingia Rivington, viunga vya mji, na banange, ni kama kushuka Old Taxi Park ya Kampala na mizigo mikononi, kila kondakta anakuvuta upande wake! Gortash, mtawala mpya wa mji, anataka mfanye mapatano. Orin, yule muuaji, kamteka mwenzako. Astarion, vampaya wa kundi lako, hatulii mpaka apelekwe kwa Cazador, bwana wake wa zamani. Gazeti la mji linakuchafulia jina. Kuna hadi mchekeshaji wa sarakasi aliyekatwakatwa, nawe unatakiwa kumtafuta kipande kimoja kimoja mji mzima. Na huku ule ubongo mkubwa, adui mkuu wa gemu, unakaribia kukata minyororo, ati dunia inaisha.

Kinachoniudhi zaidi ni leveli. Mwisho ni 12, nami nilifika 12 wakati nusu ya mji sijaigusa. Baada ya hapo kila pambano unapigana, unashinda, hupandi popote. Unabaki kupigana kwa ajili ya hadithi na vifaa tu.

Halafu Lower City, mji wenyewe ndani, inaila kompyuta. Kule msituni laptopu yangu ilikuwa inateleza. Mjini, na watu wote wale wanaotembea na kupiga soga, fremu zinashuka hadi unaona kwa macho. Masasisho yamesaidia, ila kama prosesa yako ni ya zamani jiandae. Kupunguza ubora wa picha hakusaidii sana, maana mzigo uko kwenye prosesa.

Sasa nisije nikaonekana nimekuja kuponda tu. Iron Throne! Jela iko chini ya maji, unashuka kwa nyambizi, na ukishafika tu Gortash anaanza kuilipua. Zamu zimehesabiwa, unaziona zinapungua. Wafungwa wako kila kona, yumo na baba yake Wyll, mmoja wa kundi letu, na majitu ya samaki yanaingia na maji. Nilimnywesha Karlach, mpiganaji wetu, dawa ya kasi, nikamtuma upande wa mbali zaidi, wengine wakafungua milango ya karibu. Mfungwa mmoja alikwama hatua moja tu kabla ya ngazi. Zamu yake ikaisha pale pale. Nilisimama kwenye kiti nikimpigia kelele, jirani akagonga ukuta.

Lakini kilichonibeba mimi ni Karlach. Kwa waliosahau: Gortash ndiye aliyemuuza kwa Zariel, mtawala wa Avernus kule jehanamu, akatolewa moyo, akawekewa injini ya jehanamu. Gemu nzima anacheka, anatania, anataka tu kukumbatia watu. Unamuua Gortash, unategemea sherehe. Anasimama juu ya ile maiti, na badala ya kufurahi anagundua kwamba hakuna kilichobadilika: adui kafa, na yeye bado anakufa. Hasira yote inamtoka, kisha hofu. Hataki kufa, anasema hivyo hivyo bila mapambo. Samantha Béart, aliyetoa sauti hiyo, anavunjika koo kabisa. Chaguo za majibu zikatokea kwenye skrini nami sikujua nibonyeze lipi. Lolote utakalosema ni dogo.

Nyumba ya yule shetani Raphael sitasema mengi, nendeni wenyewe. Mpitie Helsik, anayeuza njia ya kuingia, pale dukani kwake, msichoke kubembeleza bei. Bosi mwenyewe anapigana huku wimbo unaimbwa kwa sauti yake, anajisifia! Shetani mwenye kiburi hadi kwenye muziki. Sevini kabla ya kuingia, tafadhali. Kwetu umeme haupigi hodi.

Mwisho ndio nina kesi nao. Emperor, yule mind flayer, jitu la mikono ya pweza usoni, anakaa nawe gemu nzima, anakulinda, anajigamba kwamba uhuru wake ndio kila kitu kwake. Siku unapoamua kumfungua Orpheus, yule mwanamfalme mfungwa, anaondoka dakika hiyo hiyo kwenda kujiunga na ubongo uliomfanya mtumwa! Kwa nini? Angekimbia tu ningemwelewa. Naona waandishi walihitaji awe adui, wakamsukuma. Kisha mmoja wenu lazima ageuke mind flayer. Mimi nilimwachia Orpheus, yeye mwenyewe alikuwa tayari. Karlach naye alijitolea, nikakataa kabisa. Nikaenda naye Avernus.

Na hapo walionunua mwanzoni walipunjwa, maana kile kipande cha sherehe, inayofanyika miezi sita baada ya hadithi kuisha, kililetwa na sasisho la 5 mwishoni mwa Novemba 2023. Withers, yule mfu mkongwe anayefufua wenzako, anawaita wote kambini. Karlach wangu alikuja na habari za matumaini kuhusu ile injini. Bila sherehe ile ningewapa Larian alama ndogo sana kwa mwisho wao.

Bei kamili ni dola 60 kasoro senti moja, yaani zaidi ya shilingi laki mbili za kwetu Uganda. Subirini punguzo la Steam, lile duka la gemu mtandaoni. Inataka GB 150 na SSD, RAM 16 ndiyo wanayoshauri. Msijaribu kuipakua kwa bando la mchana, mtauza simu. Tafuteni rafiki mwenye waya wa intaneti nyumbani, mpelekeeni rolex mbili, zile chapati za mayai, mlale hapo.

Wiki ijayo naanza upya na Dark Urge, yule mhusika mwenye hamu ya kuua. Niandikieni: Orpheus mlimfungua au mlimwacha aliwe na Emperor?